Mchagua Chuma

Kasongo nzima ilijua kwamba dukani kwa Bwana Dirisha mtu mweusi hachagui. Jina lake la Ulaya alilijua yeye na mama yake aliyemzaa. Mjini aliitwa Bwana Dirisha kwa sababu watu walimfahamu kuanzia kifuani kwenda juu tu, akiwa amejaa katika tundu la dirisha la duka lake, viwiko juu ya ubao. Wazungu wenzake waliingia kwa mlango. Weusi walisimama juani, wakataja wanachotaka, wakalipa, ndipo wakakabidhiwa kile ambacho Bwana Dirisha amewachagulia. Ukikigusa, umekinunua. Ukifika nyumbani ukakuta kitambaa kina tundu, tundu nalo ni lako. Waswahili huita jambo hilo kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na watu wa Kasongo walikuwa wameuziwa mbuzi wengi mno, wengine hata hawakuwa mbuzi.

Ni kwenye dirisha hilo Kasimu aliponunua duye zake. Duye ni vile vikombe vidogo vya chuma vinavyovaa kichwa cha nati, kisha unachomeka mpini na kugeuza. Bila duye, mwenye lori la Kimarekani hana lake, maana nati za gurudumu la nyuma zimejificha ndani ya shimo la gurudumu, mahali ambapo spana ya kawaida haifiki.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na nne, na Wabeleji walikuwa bado wanaamini kwamba watakaa milele. Kasimu alikuwa ameendesha lori la kampani ya pamba miaka kumi na miwili. Alipochoka kuitwa boi na vijana ambao angeweza kuwazaa, aliaga kwa maneno makali, akanunua lori kuukuu la wakati wa vita lililokuwa likiota majani nyuma ya misheni. Kampani ilimnyang'anya kila kifaa, hata bisibisi ambayo mpini wake aliuchonga mwenyewe. Akabaki na lori lake na mikono yake.

Sasa kulikuwa na mtihani. Ajenti wa serikali kule Kabambare, mtu aliyeitwa Kalamu kwa jinsi alivyopenda kufuta majina ya watu, alikuwa ametangaza hivi: atakayetaka ruhusa ya kubeba pamba katika barabara ya Kasongo na Kabambare aje mbele yake Jumamosi, na vifaa vyake mwenyewe na msaidizi mmoja, afungue gurudumu la nyuma na kulirudisha. Masika yaliyopita lori mbili zilifia njiani na pamba ikaoza. Atakayeshindwa asubiri mwaka mwingine. Kwa Kasimu, mwaka mwingine maana yake ilikuwa kuuza lori na kurudi kuomba kazi kwa wale wale aliowatukana. Mkewe Amisa, ambaye yeye alimwita Mama Feza, alijua hivyo, na alijua pia kwamba mumewe angekufa kwa aibu kabla ya kufa kwa njaa.

Basi Kasimu aliingia uani na boksi kwapani, uso umejaa kicheko. Kifuniko kilikuwa na picha ya gari jekundu. Ndani, duye kumi na mbili zilikuwa zimelala juu ya kitambaa cha buluu, zinametameta hadi unajiona meno. Jirani zao walikuja kutazama wakasema mashaallah. Amisa aliacha karanga alizokuwa akimenya, akachukua duye moja, akapitisha uzi ndani yake, akaining'iniza mbele ya sikio na kuigonga kwa kijiti.

"Unafanya nini na ile?" akauliza Kasimu.

"Naisikiliza."

"Ile hapana kitu ya kusikiliza, Mama Feza. Njo kitu ya kufungua bulo, hizi nati."

Amisa akaigonga tena. "Iko inakohoa. Irudishe."

Jirani wakacheka. Kasimu naye akacheka, lakini kidogo, kwa sababu boksi lile lilikuwa limemeza akiba yake yote. "Nirudishe wapi, kwa dirisha? Ule muzungu atanifukuza. Na tena, mchagua jembe si mkulima."

"Ule musemo ulitungwa na mufua chuma mwenye alikuwa na majembe mabovu ya kuuza," akasema Amisa, akarudi kwenye karanga zake.

Hakuwa anabahatisha. Baba yake, Mzee Alimasi, alikuwa mhunzi wa Kibangubangu karibu na Kabambare, na majembe yake yaliuzwa hadi ng'ambo ya mto Luama. Kwa wahunzi hao mwanamke haingii penye mivukuto na hashiki nyundo. Akishika, wanasema, chuma kinakataa kuiva. Kwa hiyo Amisa alikua nyuma ya ukuta wa matete, akimenya karanga, asione kitu. Lakini hakuna aliyemziba masikio. Baba yake alikuwa na desturi ya kutundika kila jembe kwa kamba ya gome na kuligonga. Jembe zima lililia kwa muda mrefu, sauti nyembamba isiyotaka kufa. Lenye ufa, au lililoungua, lilikohoa tu na kunyamaza, hata kama kwa macho lilikuwa zuri. Mzee alitamka hukumu, "Limelia" au "Limekohoa." Amisa, akiwa na miaka minane, alianza kutamka kabla yake kwa kunong'ona. Alipofika miaka kumi hakukosea tena. Siku alipomwambia baba yake, kwa fahari ya kitoto, Mzee Alimasi alimchapa, akahamisha ukuta mbali zaidi. Amisa hakuisahau fimbo ile, wala hakuacha kusikiliza.

Kesho yake asubuhi Kasimu alianza mazoezi. Nati ya kwanza ilifunguka, akamtazama mkewe kwa jicho la kumwambia unaona. Kwenye nati ya pili alivuta kwa mwili wote. Mlio ulitoka kama kijiti kikavu, na Kasimu akaanguka chali vumbini, vidole vinatoka damu. Duye ilikuwa imepasuka vipande viwili, na ndani chuma chake kilikuwa cha kijivu na chembechembe kama ugali ulioungua. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kibaya zaidi, nati yenyewe ilikuwa imelika pembe zake, na sasa hata duye nzuri ingeishika kwa taabu.

Kasimu alivaa kanzu safi akarudi dirishani. Hakukaa sana. Aliporudi alikuwa bado ameshika vile vipande viwili.

"Amesema mimi njo nimeivunja," akasema. "Amesema mutu mweusi anavuta kama ngombe."

Akakaa kizingitini. Amisa alitamani kumwambia nilikuambia. Neno lilimfika ulimini, akalimeza, kwa sababu mumewe alikuwa anajaribu kuviunganisha tena vile vipande. Badala yake aliingia ndani, akachimbua fedha za shamba lake la karanga mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kuuliza, akaja nazo.

"Kesho naenda mimi."

"Kufanya nini?"

"Kuchagua."

"Pale watu hawachagui, Mama Feza."

"Njo maana naenda."

Aliichagua siku yake vizuri. Pamba ya vijiji vya jirani ilikuwa imelipwa jana yake, na mstari wa dirishani ulizunguka kona. Kila mwanamke alikuwa na fundo la pesa kwenye ncha ya kikwembe alichovaa, na pesa ya pamba, kama mnavyojua, haijui kulala. Katika fundo lake Amisa alifunga pia ile nati moja iliyofunguka, uzi, na kijiti. Alisimama kama wengine hadi zamu yake ilipofika, jua likiwa utosini.

"Sema," akasema Bwana Dirisha.

"Duye za kamio, za lori kubwa. Weka hapa zote zenye uko nazo, nizichague."

Bwana Dirisha alifikiri hakusikia. "Unalipa, unapewa. Hapa hakuna kuchagua."

"Ile ulimupa bwana yangu ilipasuka kwa bulo ya pili."

"Bwana yako hajui kazi."

"Bwana yangu anajua kazi. Wewe njo hujui chuma."

Mstari mzima uligeuka kumtazama. Tusidanganyane, Amisa aliogopa. Watu walikuwa wamewahi kuchapwa viboko kwa maneno mepesi kuliko hayo. Lakini hasira ilikuwa imekaa ndani yake siku nyingi kuliko woga, na mwenye nyumba huwa hahami kwa sababu ya mgeni.

"Toka. Mwingine!" Bwana Dirisha akapiga ubao kwa kiganja.

Amisa hakutoka. Nyuma yake alikuwa Aziza, muuza mawese, mwanamke mnene asiyejua kusema kwa sauti ndogo. Mwezi uliopita aliuziwa taa yenye kioo cha ufa, ikamlipukia mkononi.

"Mwingine ni mimi," akasema Aziza, "na mimi sipiti mbele yake. Akichagua yeye, na mimi nachagua."

"Na mimi," akasema wa nyuma yake.

Bwana Dirisha akafunga dirisha kwa kishindo. Pengine alidhani wakikosa kivuli watatawanyika. Alikuwa hawajui wanawake waliopalilia pamba miezi mitano katika jua hilo hilo kwa amri ya serikali. Walikaa chini. Aliyekuwa na mihogo aligawa mihogo, mwingine akaanza kusuka nywele za mwenzake. Baada ya muda dirisha likafunguka kidogo, kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Likaona mstari umerefuka. Likaona pia kwamba wale wa mwisho wameanza kuinuka na kutazama upande wa duka la pili, la chini sokoni, ambalo halikuwa na duye wala taa nzuri lakini lilikuwa na mlango wa kuingilia watu wote.

Dirisha likafunguka lote. Boksi lenye picha ya gari jekundu likatupwa ubaoni.

"Gusa basi. Gusa, ununue, uende."

Amisa akatoa uzi wake. Ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikakohoa. Hakuendelea na ya tatu. "Hizi hapana. Lete zile nyeusi."

Alikuwa ameliona nyuma ya bega la Bwana Dirisha, sanduku la mbao lisilo na picha, kifuniko wazi, limelowa mafuta, juu ya rafu ya ndani kabisa.

"Ile ni ya wazungu."

"Chuma hakina kabila, Bwana. Lete nisikie."

Mtu mwenye njaa ya pesa hana ukaidi mrefu, na mstari ulikuwa umeanza kupiga makofi. Bwana Dirisha akalileta. Duye zilizokuwemo hazikuwa na uzuri wowote. Nyeusi, nene, nzito mkononi, na midomo yake kwa ndani imekatwa pembe sita safi, si mviringo uliochorwa pembe kwa haraka. Amisa akaitundika ya kwanza, akagonga. Sauti ikatoka nyembamba, ikapanda, ikakaa. Aziza aliyekuwa amenyoosha shingo akapiga ukelele: "Imelia!"

Kuanzia hapo mstari wote ukawa fundi. Kila duye iliyogongwa walitamka pamoja, "Imelia!", na wale wa mbali ambao hawakusikia kitu ndio waliopiga kelele zaidi. Ya tano Amisa aliigonga mara mbili, akaigeuza, akaigonga tena. Wote wakamtazama yeye.

"Imekohoa," akasema.

"Haiwezekani!" Sasa Bwana Dirisha alikuwa amekasirika kweli, na safari hii kwa ajili ya kitu alichokiamini. "Sanduku hili linatoka Ulaya! Ni bora kabisa!"

"Na Ulaya watu wanachoka saa ya kazi kwisha," akasema Amisa. "Itazame kwa jua."

Aliitazama kwa jua. Akaikuna kwa ukucha. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, kwenye ukingo wa chini. Aliiweka kando, akaenda kufungua sanduku la pili, akaleta nyingine, na kwa mkono wake mwenyewe akaushikilia uzi wakati Amisa anagonga. Kisha Amisa akafungua fundo, akatoa nati ya lori, akaijaribu katika kila duye hadi akapata ile inayoivaa bila kucheza hata kidogo. Zile zinazong'aa zilikuwa za kipimo cha Wabeleji, na nati ni ya Marekani. Hata zisingepasuka zingeendelea kula pembe. Alilipia duye saba na mpini mrefu mmoja. Hakuchukua boksi, maana boksi halifungui nati.

Alipoondoka, Aziza alikuwa tayari ameegemea ubaoni na matiti yake yote mawili. "Sasa mimi," akasema, "nataka kugusa taa."

Kasimu alizipokea duye zile. Alizigeuza, akazivalisha nati, akamtazama mkewe. "Nilikukosea," akasema, na kwa mwanamume wa Kasongo hilo ni neno zito kuliko lori. Kisha akaongeza, "Karatasi ya Kalamu inasema musaidizi mmoja. Utakuja?"

"Na Baba atakuwa kule," akasema Amisa. "Unajua vile ataona."

"Najua."

"Basi naja."

Ijumaa alfajiri waliondoka, na barabara iliwala siku nzima, mashimo, tope na madaraja ya magogo. Amisa hakumhofia Kalamu. Alimhofia mzee mmoja aliyewahi kuhamisha ukuta.

Jumamosi uwanja wa ofisi ya Kabambare ulikuwa umejaa. Kando ya ghala magunia ya pamba yalikuwa yamepangwa hadi juu ya vichwa vya watu, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mashariki. Madereva wawili walikuwa wamekwisha kushindwa asubuhi hiyo: mmoja kwa mpini uliopinda, mwingine kwa duye zinazong'aa, ambazo Amisa alizitambua hata kutoka mbali. Mzee Alimasi alikuwa amekaa mbele pamoja na wakubwa, fimbo kati ya magoti. Amisa alimpigia magoti kumwamkia. Mzee aliitikia bila kumtazama usoni.

Ajenti Kalamu alikuwa kijana mwenye shingo nyekundu, karatasi zake juu ya meza ndogo kivulini. "Msaidizi wako wapi?" akamuuliza Kasimu.

"Huyu hapa."

"Huyu ni mwanamke."

"Bwana, karatasi yako inasema musaidizi mumoja. Haisemi akuwe na ndevu."

Watu wakacheka. Kalamu hakucheka, lakini aliisoma tena karatasi yake na kweli ndevu hazikuwemo. "Atakupa vifaa tu," akasema. "Asiguse lori."

Kasimu akaanza. Nati ya kwanza ikafunguka kwa mlio, ya pili, ya tatu. Duye nyeusi ilishika kila moja kama iliyozaliwa nayo. Ya nne, ya tano. Ikabaki ile iliyoliwa pembe. Duye ikateleza. Akarudia, ikateleza tena. Kalamu akachukua kalamu yake, akaanza kuzungusha kifuniko chake taratibu.

"Vuta kwa nguvu," akasema Amisa kwa sauti ndogo.

"Ikipasuka?" Jasho lilikuwa linamtiririka Kasimu hadi kidevuni. "Mama Feza, ikipasuka hii tumekwisha."

"Haitapasuka. Iko inateleza sababu haijaingia yote. Inataka kugongwa mbele."

"Basi nigonge?"

Ili kugonga ilibidi mmoja aishike duye inyooke juu ya nati kwa mkono thabiti na mwingine apige. Vidole vya Kasimu vilikuwa bado na vidonda, viliweza kushika lakini si kupiga. Amisa aliona jambo moja tu la kufanya, akaona pia nani anamtazama. Liwalo na liwe. Alisogea mbele ya lori, mbele ya wakubwa wote, mbele ya baba yake, akachukua nyundo waliyokuja nayo.

Sauti ilipanda kutoka kwa watu kama upepo unaoingia shamba la mahindi. Mtu alisema hapana, hapana. Kasimu akaishika duye, na Amisa akapiga mara tatu, bila kupinda, bila haraka, na kwa kila pigo duye ilizama juu ya nati. Kisha akachomeka mpini, akauvisha bomba refu la kuongeza nguvu, wakalishika wote wawili, mume na mke, wakavuta kwa uzito wa miili yao. Kitu kililia. Kasimu alifumba macho. Nati ikageuka robo, ikageuka nusu, na kutu ikamwagika chini kama unga mwekundu.

Gurudumu lilitoka. Watu walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka nyundo, vigelegele vikakatika.

Kalamu alikuwa amesimama. "Sivyo! Nilisema asiguse. Rudisha, anza upya, peke yako."

Kasimu alifuta mikono yake kwenye suruali. Alikuwa mtu wa kuogopa wazungu, kama sote tulivyofundishwa. Lakini alijibu wima. "Hapana, Bwana. Gurudumu limetoka. Ile barabara nitaipita na yeye, na kwenye tope tutafungua na yeye. Ukitaka nianze peke yangu, pasua karatasi."

Ngurumo ya mbali ikasikika. Kalamu akatabasamu, kwa sababu alikuwa amepata njia nyingine. Wazungu wa serikali walipenda sana mila zetu kila zilipowasaidia. Alimgeukia Mzee Alimasi.

"Mzee, wewe ni mhunzi. Kwenu mwanamke anashika nyundo?"

Mzee Alimasi aliinuka polepole. "Hashiki," akasema.

"Akishika?"

"Iko muzio, mwiko yetu. Mbaya sana."

Amisa aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kwa fimbo, alikuwa tayari hata kwa laana, lakini hakuwa tayari kuipokea kutoka mkononi mwa baba yake kwa ajili ya mtu huyu. Machozi yalimjaa, na alikasirika kwamba yamemjaa.

"Basi mmesikia wenyewe," akasema Kalamu, akafungua kalamu ili afute jina la Kasimu. "Ni desturi yenu. Si mimi."

"Sijamaliza," akasema Mzee Alimasi.

Alitembea hadi penye lori. Duye nyeusi ilikuwa imeanguka chini. Aliinama kwa taabu ya uzee, akaiokota, akaipangusa kwa shati lake jeupe hadi shati likawa na doa la mafuta. Akaipima kiganjani. Watu wote walijua kwamba mzee huyu hajawahi katika maisha yake kumkabidhi mwanamke chuma cha kazi, chenye moto wala kilichopoa. Alimnyooshea binti yake duye ile kwa mikono miwili.

"Ule muzio ni yetu," akasema, akimgeukia Kalamu sasa. "Tukiuweka, tumeuweka sisi. Ukivunjwa, tutautengeneza sisi, kwa mbuzi yetu, kwa nyumba yetu. Wewe hatukukuazima ule muzio."

Hakuna aliyepiga makofi. Wakubwa wengine waliinuka mmoja mmoja, wakasimama nyuma ya Mzee Alimasi, hata wale ambao nyundo ile ilikuwa imewachoma moyo. Kalamu aliwatazama, akatazama magunia, akatazama mawingu. Tone la kwanza lilianguka juu ya karatasi yake na kutandaza wino. Lori nyingine haikuwepo. Aliandika ruhusa haraka haraka, akigeuza uso, kama mtu anayekunywa dawa chungu, akaisukuma karatasi hadi ukingoni mwa meza.

Kasimu alikwenda kuichukua. Mvua ilianza kunyesha kweli, watu wakakimbilia barazani, na Mzee Alimasi akabaki alipo, ameshika bomba refu, akimsubiri binti yake arudishe gurudumu. Nati ya mwisho aliikaza Amisa. Alipomaliza aliitikisa kwa mkono kuona kama imeshika, na ilikuwa imeshika.